Msuli, Kasia na Sukari ya Damu

Msuli unaofanya kazi huchota sukari kwenye damu bila kuingoja insulini. Hilo lina uzito mkubwa katika kisukari cha aina ya pili, ambapo insulini huwapo lakini misuli na ini huiitikia kwa uvivu. Kabuta, wilayani Nchelenge nchini Zambia, mlo wa kila siku ni ubwali (ugali) wa muhogo kwa chisense au samaki mwingine wa Ziwa Mweru. Muhogo ni karibu wanga mtupu, na ghala kubwa la kuupokea ni misuli.

Glukosi, yaani sukari ya damu, haipenyi yenyewe utando wa seli ya msuli. Huvushwa na protini iitwayo GLUT4. Msuli ukitulia, sehemu kubwa ya protini hizo hubaki ndani ya seli, mfano wa mitumbwi iliyofichwa kwenye mafunjo huku abiria wamejaa ukingoni. Insulini ndiyo baragumu: ikilia, mitumbwi husukumwa hadi ukingoni na abiria huvushwa. Mwenye kisukari cha aina hii baragumu lake hulia, ila wapiga makasia ni wazito wa kusikia. Uzuri ni kwamba upo mwito wa pili. Nyuzi za msuli zinapojikunja, kalsiamu humwagika ndani ya seli na akiba ya nishati hupungua. Upungufu huo huamsha kimeng'enya AMPK, na mitumbwi ileile hutoka mafunjoni bila baragumu. Hata aliye sugu kwa insulini huusikia mwito huu. Kazi ikikoma mitumbwi hurudi, lakini kwa siku moja hadi mbili baragumu nalo husikika vizuri zaidi.

Faida hiyo haiwekeki akiba. Upande wa Zambia wa ziwa hilo uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na mwili uliozoea kukokota nyavu huhitaji jembe, au matembezi baada ya mlo. Shirika la Afya Duniani hutaja angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Mitishamba nayo ina njia zake za kushusha sukari. Ulenda wa mbegu za uwatu hupunguza kasi ya sukari kutoka utumboni. Karela na mlonge vina sifa kubwa kuliko ushahidi. Mmea uliofika mbali kuliko yote ni Galega officinalis, wa jamii ya kunde, uliotumika Ulaya zamani. Kemikali ya galegini iliyomo humdhuru hata kondoo, ndipo wanakemia wakageukia ndugu zake wapole. Mojawapo, dawa ya metformini, iliundwa mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Dawa hiyo hubana uzalishaji wa nishati katika seli za ini, ini likapunguza kutengeneza sukari. Na miongoni mwa vinavyoamka humo ni AMPK, kimeng'enya kilekile kinachoamshwa na kasia.

Mitishamba haichukui nafasi ya vidonge vya kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, akiongeza karela na kutwa nzima ya kupiga kasia, sukari yake inaweza kushuka mno. Jasho baridi na mtetemo vikianza, atafune muwa au anywe maji ya sukari papo hapo.