Mshahara Umeingia, na Kazi Umeshaacha

Orodha ya mishahara haiandikwi upya kila mwezi. Anayeiandaa hufungua ya mwezi uliopita, akainakili, akabadilisha jina la mwezi juu, kisha akaanza kurekebisha: huyu kaongezwa, yule kakopa, yule kaanza kazi tarehe kumi. Jina ambalo hakuna aliyemwambia alifute hubaki palepale, na siku ya malipo ikifika linalipwa kama mengine. Nimeandaa mishahara ya shule na zahanati za watu binafsi hapa Mwanza kwa miaka mingi. Nikiulizwa mtu aliyeacha kazi alilipwaje, jibu huwa hilo: barua yake ya kuacha kazi ilikuwa imelala kwenye trei ya bosi, orodha ilikuwa kwa mhasibu, na hao wawili hawakuonana.

Serikalini mambo yanakwenda kwa mfumo wa kompyuta; ule wa zamani watumishi wenyewe waliuita Lawson. Mfumo unajua tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukitimiza miaka 60 ya kustaafu kwa lazima wenyewe unashtuka. Haujui kwamba umeacha kazi, umetoroka kituoni au umefariki mpaka afisa utumishi auambie. Ndiyo maana Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akirudia katika ripoti zake habari za mishahara iliyolipwa kwa watu ambao hawako kazini tena. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoamuru wafanyakazi hewa wasakwe, waliondolewa zaidi ya 10,000 katika miezi ya mwanzo tu. Tangu hapo mtu akiona mshahara umeingia baada ya kuacha kazi huogopa kufungua mdomo, asije naye akaitwa hewa. Kunyamaza huko ndiko kunakomponza.

Nieleze kwa kisa cha muuguzi mmoja, jirani yangu wa zamani pale Nyakato. Aliacha kazi kwenye zahanati ambayo si mteja wangu, akatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, akahamia Geita. Mwezi uliofuata mshahara ukaingia. Akadhani ni malipo yake ya mwisho, maana yalikuwa hayajalipwa. Baadaye ikaja barua: arudishe shilingi 900,000 ndani ya siku saba, la sivyo polisi.

“Mama, shikamoo. Wananidai laki tisa, na mimi laki tisa sijaiona.”

“Marahaba mwanangu. Umeona ngapi?”

“Laki saba, ishirini na tisa elfu na mia tano.”

Nikachukua kalamu. Mshahara ghafi 900,000. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, aliye kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipa 68,000, kisha robo ya kile kilichozidi 760,000. Robo ya 50,000 ni 12,500, kwa hiyo kodi yote ni 80,500. Toa hiyo pia: 729,500. Binti hakuwa anadanganya hata senti. Tofauti ya 170,500 haikuwahi kupita kwake. 80,500 zilikwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na 90,000 zikaenda NSSF.

Sasa nani adaiwe hiyo tofauti? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa fedha kwa makosa lazima azirudishe. Haijali nani alikosea wala kwa nini, kwa hiyo ile hoja ya mtaani kwamba “wao ndio waliotuma, shauri yao” haina pa kushika. Lakini kwa maoni yangu, aliyelipwa ni aliyepokea, na muuguzi alipokea 729,500. Kodi iliwasilishwa na mwajiri, na mwajiri ndiye mwenye mlango wa kuingilia TRA kusahihisha ritani yake. Makosa yakigundulika kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ya mishahara, ni kazi ya dakika chache. Yakigundulika baadaye ni usumbufu, nakubali, na najua wahasibu wanaoona ni rahisi zaidi kumbana mfanyakazi wa zamani kuliko kufuatilia kodi. Hilo si haki.

Kanada jambo hili liliwatesa watumishi wa serikali. Mwaka 2016 serikali yao ilianza kutumia mfumo wa mishahara uitwao Phoenix, ukavuruga malipo: wengine wakalipwa pungufu, wengine wakazidishiwa. Waliozidishiwa wakajikuta wanadaiwa mshahara ghafi, pamoja na makato ambayo hawakuwahi kuyashika. Mwaka 2019 sheria ya kodi ikarekebishwa ili mfanyakazi aweze kurudisha kile kilichomfikia, na mwajiri afuatilie makato mwenyewe. Ningependa kuona mwongozo wa wazi namna hiyo kwetu.

NSSF ina utata wake, kwa sababu mchango ule umeandikwa kwa jina lako. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu una utata zaidi. Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara huohuo, kama wote ni wa msingi, ni 135,000. Hapo pesa haikukufikia mkononi, ila deni lako la chuo limepungua kweli. Umefaidika. Mwajiri akikudai hiyo 135,000 sioni utamjibu nini.

Kuna na wale ambao pesa iliwafikia lakini hawakuigusa. Mtu ana mkopo wa mshahara benki. Mshahara wa makosa ukitua tu, benki inakata rejesho lake kabla hata meseji haijasomwa. Mwenye akaunti anaapa hajala kitu, na ni kweli hajala, ila deni lake la benki limelipwa kwa fedha ya mtu. Hawa ndio ninaowahurumia kuliko wote, kwa sababu wanatakiwa kurudisha taslimu kitu ambacho hawakupata kama taslimu.

Kuhusu polisi, nilimwambia atulie. Kulipwa kwa makosa ni suala la madai. Mambo hugeuka pale mtu anapojua kabisa pesa si yake na bado anaficha, au anapoendelea kupokea mwezi baada ya mwezi huku akijifanya yuko kazini. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, imewahi kuwafikisha mahakamani watu waliochukua mishahara ya serikali bila kuifanyia kazi. Kwa hiyo ukiona kiasi usichokielewa, andika. Barua pepe ya mistari mitatu kwa mwajiri wako wa zamani inatosha: nimeona kiasi hiki, tarehe hii, naomba mchanganuo.

Omba huo mchanganuo hata kama una hakika ni makosa. Anayeacha kazi ana vyake: siku alizofanya kazi kabla hajaondoka, likizo ambayo hakuichukua, pengine nauli. Nimeona waajiri wakidai “mshahara wa makosa” kwa sauti kubwa huku wakiwa hawajalipa likizo ya mwaka mzima. Na kama mnabishana kuhusu stahiki hizo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Kama unapinga kuachishwa kazi kwenyewe, ni siku 30. Siku hizo hupita upesi mtu akiwa anangoja kuitwa.

Jingine ambalo wengi hawalijui ni makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukata mshahara ovyo: lazima kuwe na sheria, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo, ama mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inaruhusu kurudishwa kwa malipo yaliyozidi kutokana na makosa ya hesabu. Lakini mwajiri wa zamani hana mshahara wako wa kukata. Wengine humpigia mwajiri mpya, “mkateni huyo, sisi tunamdai.” Mwajiri mpya hana ruhusa ya kufanya hivyo kwa simu ya rafiki. Kenya, ambako sheria yao ya mwaka 2007 inataja waziwazi mshahara uliolipwa kwa makosa kati ya makato yanayoruhusiwa, bado makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Halafu namna ya kurudisha. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ile meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii.” Matapeli wamejifunza pia habari za mishahara, wanapiga wakijiita watu wa utumishi, wanataja hata jina la kituo chako. Mwajiri wa kweli ana akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Serikali ina namba ya kumbukumbu ya malipo, na malipo yakipita huko risiti inabaki. Fedha ya mshahara hairudishwi kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni simu ya mhasibu unayemfahamu. Hata kama mhasibu huyo ni mimi.

Muuguzi aliandika barua, nikamsaidia kuipanga. Alikiri kupokea 729,500, akaambatisha taarifa ya benki, akadai likizo yake, akaomba kulipa kidogo kidogo. Mkurugenzi alinuna kwanza. Kisha mhasibu wao akapiga hesabu ya likizo, ikatoka laki mbili na kitu baada ya makato, ikaondolewa kwenye deni. Lililobaki walikubaliana kwa maandishi alipe kwa miezi mitatu, kwenye akaunti ya zahanati. Kodi wakaenda kuisahihisha wenyewe. Alipomaliza alidai barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, na kwa kuwa alikuwa ameshafika mlangoni, akadai na hati ya utumishi, ambayo kisheria walipaswa kumpa siku aliyoondoka.