Unauza mimea ya ndani? Uliza dirisha kabla ya kutaja bei

Leo naongea na wenzangu tunaouza mimea ya ndani mtandaoni, ile ya majani: monstera, mani planti, sansevieria, ZZ na ndugu zao. Duka langu liko Kigoma mjini na oda nyingi zinaingia WhatsApp, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku ziwani. Hata wa Mwanza au Tanga utapata kitu.

Biashara hii ina ugumu ambao muuza viatu hana. Kiatu ukishakifikisha, umemaliza. Mmea ukishaufikisha, ndio kwanza kazi inaanza, na anayeifanya ni mteja. Ukifa baada ya wiki tatu hasemi "nimeua mmea". Anasema "niliuziwa mmea mbovu". Na mji wetu huu mdogo, likisemwa Mwanga asubuhi, mchana Ujiji wanalo.

Piga hesabu. Mmea umekugharimu 10,000, umeuza 15,000. Ukifa ukampa mwingine bure, umeingia hasara ya 5,000. Utauza mwingine mzima, na faida yake yote inakwenda kuziba shimo. Ndiyo maana nasema maelezo ya kutunza ni sehemu ya bidhaa, siyo zawadi.

1. Mwanga: uliza dirisha kwanza

Mingi ya mimea hii asili yake ni misituni, chini ya miti mikubwa. Monstera imetoka Meksiko na Amerika ya Kati. ZZ ni ya kwetu kabisa, Afrika Mashariki. Ukitaka kumwelezea mteja mwanga inaoupenda, mwambie akumbuke kukaa chini ya mwembe pale Ujiji saa sita mchana: unasoma gazeti bila shida, lakini jua halikuchomi. Huo ndio mwanga.

Sasa angalia nyumba zetu. Dirisha dogo, wavu wa mbu, pazia zito, halafu mmea umewekwa kona ya televisheni. Pale ni giza, hata kama macho yako yameshazoea.

Mwambie mteja apime hivi: mchana aweke karatasi nyeupe pale anapotaka kuweka mmea, ashike mkono juu yake. Kivuli kikikatika vizuri, mwanga ni mkali. Kikiwa na ukungu, ni wa wastani, mimea mingi itakaa. Kisipoonekana, hapo pauzie picha ya ukutani.

Kitu kingine cha hapa Kigoma: ziwa liko magharibi. Chumba chenye dirisha la kuangalia ziwa ndicho kinachopigwa na jua la jioni, na lile jua linachoma majani. Mmea ukae mita moja ndani au nyuma ya pazia jepesi. Dirisha la mashariki ni zuri zaidi, jua la asubuhi ni la upole.

Kuna gesti moja waliwahi kuniagiza mimea kumi ya korido. Nikaomba wanitumie video ya korido yenyewe. Hakuna dirisha hata moja. Nikawauzia ZZ nne tu, nikawaambia mbili zikae korido na mbili barazani kwenye kivuli, kila baada ya wiki mbili wabadilishane. Nilihitaji hela ya ile kumi, sikatai. Lakini mimea kumi iliyokauka mapokezini ni tangazo baya ambalo kila mgeni anapita analiona.

2. Maji: hapa ndipo mimea mingi inapofia

Mimea ya ndani mingi inakufa kwa kunyweshwa sana kuliko kwa kiu. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukikaa umeloa muda wote hewa inakosekana, mizizi inaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yanalegea. Mteja anaona yamelegea, anaongeza maji. Amemaliza kazi.

Mfundishe kutofautisha:
- Majani ya njano, laini, udongo umeloa: maji yamezidi. Aache kumwagilia.
- Kingo za majani zimekauka, udongo mkavu, chungu chepesi ukikinyanyua: kiu.
- Vinzi vidogo vinaruka juu ya udongo: udongo haupati nafasi ya kukauka.

Usimwambie "mwagilia kila Jumamosi". Masika udongo unakaa na maji siku nyingi, kiangazi cha Juni mpaka Septemba unakauka haraka. Mwambie aingize kidole mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka na udongo mbichi, asubiri. Sansevieria na ZZ zenyewe zinahifadhi maji, zisubiri mpaka udongo wote ukauke, hata wiki tatu ni sawa.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali, pH yake iko karibu na 9, na yana madini mengi. Ukiona ukoko mweupe kwenye chungu au madoa meupe kwenye majani, mara nyingi ni hayo. Maji ya mvua ukiyakinga ni mazuri zaidi kwa mimea hii.

3. Chungu na udongo

Chungu kisicho na tundu chini ni kaburi. Wateja wanapenda vile vyungu vya kung'aa vya mapambo, wauzie, lakini mmea ubaki kwenye kopo lake lenye matundu, kopo ndilo liingie ndani ya chungu. Baada ya kumwagilia wamwage maji yaliyotuama.

Udongo wa mfinyanzi peke yake unashika maji mno. Changanya udongo wa juu, mboji iliyoiva, na mchanga au pumba za mpunga. Samadi mbichi usitumie, inachoma mizizi na nyumba nzima itanuka.

4. Vumbi na wadudu

Kiangazi vumbi linafunika majani na kuzuia mwanga. Kitambaa chenye maji kinatosha. Mafuta ya kung'arisha, iwe ya kula au mawese yetu, hapana: yanaziba vitundu vya kupumulia na vumbi linanasa zaidi. Wadudu weupe kama pamba wakitokea, utenge mmea, wafute kwa maji ya sabuni kidogo, rudia kila wiki mpaka waishe.

5. Kutuma mzigo

Oda ya Kasulu au Kibondo, usimwagilie siku ya kusafirisha. Udongo uliolowa ni mzito, unamwagika na kuvunja shina. Funga gazeti juu ya udongo, toboa boksi, andika upande wa juu. Mwambie mteja asihamishe chungu siku hiyohiyo. Majani mawili matatu kudondoka baada ya safari ni kawaida, mwambie mapema asije akashtuka.

6. Usiuze kwa uongo

Maneno ya "mmea huu unasafisha hewa ya nyumba" yalitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanyika kwenye visanduku vilivyofungwa. Nyumba yenye milango na madirisha ni kitu kingine, ungehitaji msitu sebuleni. Uza uzuri wake, unatosha.

Na hili usilifiche: monstera, mani planti na ZZ zina utomvu unaowasha mdomo na koo zikitafunwa. Mwenye mtoto anayetambaa aweke juu, asipofika. Ukimwambia hivyo mama mwenye mtoto, huenda leo asinunue. Lakini siku akitaka, atakutafuta wewe.

Ujumbe wa kunakili, mtumie kila mteja:

"Asante kwa kununua. Weka mmea karibu na dirisha, jua kali lisiupige. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole: ukiwa mbichi, subiri. Usiache maji yatuame chini. Mbali na watoto. Ukiona badiliko lolote nitumie picha kabla hujafanya chochote."

Sentensi ya mwisho ndiyo kubwa. Mteja anayekutumia picha ni mteja ambaye bado yuko na wewe.

Biashara njema wapendwa.