Wanyama wa Nyumbani na Moto wa Kipupwe Upareni

Maore, iliyo bondeni baina ya milima ya Upare na nyika ya Mkomazi, haisumbuliwi sana na baridi. Walakini apandaye kutoka huko kuelekea vijiji vya kando ya msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462, atakuta kwamba tangu Juni hata Agosti moto wa jikoni, ambao miezi mingine aghalabu ni wa kupikia tu, umekuwa makimbilio ya watu na wanyama pamoja. Paka hulala kando ya mafiga, mwana-mbuzi aliyezaliwa usiku huletwa ndani, na vifaranga huwekewa jiko la mkaa. Huruma hiyo ni njema, lakini yafaa ijulikane kwamba adui mkubwa wa viumbe hawa si mwali uonekanao kwa macho.

Mkaa uwakapo mahali pasipopita hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu iipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu, ijapokuwa yazunguka kama desturi, ikawa haina cha kuupelekea ubongo na moyo. Wengi hudhani kuwa mkaa uliokwisha kutoa moshi umekuwa salama, na dhana hiyo ndiyo iuayo. Ndege hutangulia kudhurika, maadamu mapafu yao yameumbwa kuchota hewa kwa wingi mno. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, kwa shauri la mtaalamu John Scott Haldane, walikuwa wakiingia mashimoni na ndege wadogo waitwao kanari, ili ndege akilegea wao watoke upesi, na ada hiyo haikukoma mpaka mwaka 1986. Basi mfugaji aliyeziba kila upenyo wa banda kwa magunia, akawakuta vifaranga wamekufa alfajiri, asifanye haraka kukilaumu kideri.

Ni kweli kwamba kifaranga wa juma la kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kwani mwili wake haujaweza kujihifadhi. Lakini sharti upenyo wa juu ubaki wazi, na jiko lizungushiwe wavu, mbali na maranda. Vifaranga wenyewe hutoa habari: wakirundikana wana baridi, wakitawanyika na kutweta joto limezidi.

Mwana-mbuzi naye akaushwe kwa kitambaa na anyonyeshwe dang'a mapema, kwa kuwa nguvu ya kujipasha joto huipata humo kuliko motoni. Paka hudanganywa na majivu, ambayo huficha makaa hai kwa saa nyingi. Akiungua, mmwagieni maji ya baridi kwa muda wa dakika kumi au zaidi, msimpake mafuta, wala msimpe kabisa parasetamoli, kwani ini lake haliwezi kuivunja na kidonge kimoja chaweza kumuua. Kisha aitwe bwana mifugo.

Nawasihi wafugaji wa milimani: kabla ya kulala litoeni jiko la mkaa nje, mkawaachie wanyama magunia makavu na nyasi tele za kulalia.