Wingi wa mihuri si dawa ya vyeti ghushi

Wahenga walinena kuwa samaki mmoja akioza, wote huoza. Mkenya yeyote aliyewahi kutayarisha stakabadhi zake ili zikatumike ng'ambo anaijua methali hii kwa uchungu, kwa maana yeye, mtu mwaminifu mwenye cheti halali, hutendewa kana kwamba ni mshukiwa hadi mihuri minne au mitano itakapomtakasa. Swali ninalotaka tujiulize ni hili: je, mihuri hiyo humzuia mghushi, au humchosha mkweli tu?

Hebu tumchukue binti wa Kwale aliyehitimu uuguzi na kupata ajira ughaibuni. Atatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kutoka kwa msajili wa vizazi na vifo. Vyeti vyake vya masomo sharti vithibitishwe na waliovitoa, na kile cha kidato cha nne ni kazi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa. Cheti cha maadili mema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kuchukuliwa. Nakala zikithibitishwa na wakili mwenye mamlaka hayo, saini ya wakili nayo hutaka kuthibitishwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Kisha mzigo wote huelekea Nairobi, katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni, na kutoka hapo hadi ubalozi wa nchi aendako. Ikiwa lugha ya huko ni Kiarabu, hapana budi atafute na mfasiri anayetambuliwa.

Ni kweli kuwa utaratibu huu haukuzuka bila sababu. Afisa aliyeketi katika mji wa mbali hawezi kuijua saini ya msajili wa Kwale. Kwa hivyo msajili hudhaminiwa na mkubwa wake, mkubwa hudhaminiwa na wizara, na wizara ikadhaminiwa na ubalozi ambao afisa yule anaufahamu. Lakini tukumbuke jambo moja ambalo wengi hawalijui: katika mlolongo huo, wizara na ubalozi havishuhudii kwamba yaliyoandikwa chetini ni kweli. Vinachoshuhudia ni kuwa saini na muhuri uliotangulia ni wa mtu mwenye mamlaka. Basi cheti chenye uongo, mradi tu kimetiwa saini na afisa halisi aliyehongwa, chaweza kuvuka ngazi zote hizo na kufika ng'ambo kikiwa kimepambwa kama bwana harusi.

Mataifa mengine yaliliona tatizo hili zamani. Tarehe 5 Oktoba 1961, katika mji wa The Hague nchini Uholanzi, ulitiwa saini mkataba wa kuondoa mlolongo huo, ukaanza kutumika Januari 1965. Badala ya kupita katika wizara na balozi, stakabadhi hutiwa hati moja tu iitwayo apostili, yenye vipengele 10 vilivyopangwa kwa namna ile ile kila mahali. Mamlaka moja katika nchi ilikotoka stakabadhi huitoa, na nchi inakopelekwa huipokea bila kudai muhuri wa ubalozi. Afrika Kusini iliingia mwaka 1995, Burundi 2015, na jirani zetu wa Rwanda 2024. Katika nchi za Ghuba, Oman na Bahrain zimo, na Saudia ilijiunga mwaka 2022. Uchina ilifuata 2023, na Kanada 2024. Wanachama sasa wanapita 120, lakini mwaka 2025 ulipoanza Kenya haikuwa miongoni mwao.

Jambo hili linashangaza, kwa kuwa serikali yetu yenyewe ndiyo inayowahimiza vijana wakatafute kazi ng'ambo. Mwaka 2021 ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu wauguzi, na Septemba 2024 ikaafikiana na Ujerumani kuhusu uhamiaji na ajira. Nchi zote mbili ni wanachama wa mkataba wa The Hague. Tunawafungulia vijana mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tunaubana!

Anayeumia zaidi ni mlalahoi. Mkazi wa Nairobi hupanda matatu akaenda zake na kurejea siku hiyo hiyo. Wa Mombasa ana safari ya takriban kilomita 480, na wa Mandera yuko mbali maradufu ya hapo. Akiambiwa kuna karatasi iliyosahaulika, gharama ya nauli na malazi huanza upya. Hapo ndipo hujitokeza mawakala na matapeli wanaojigamba kuwa wana "mtu wao ndani". Mwananchi aliyechoka humkabidhi mmoja wao vyeti vyake halisi pamoja na akiba yake, asijue kama atakachorudishiwa kina muhuri wa kweli ama wa kuchongwa kichochoroni. Hivyo mlolongo uliowekwa kuzuia ughushi huwa soko la ughushi wenyewe.

Kunao watakaosema kwamba nchi yenye vyeti bandia vingi kama yetu haifai kulegeza kamba. Hoja yao haikosi uzito. Mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa watumishi zaidi ya 2,000 walikuwa wamegunduliwa na vyeti ghushi. Isitoshe, mkataba wenyewe huruhusu mwanachama kumkataa mgeni asiyemwamini. Lakini watumishi hao waligunduliwaje? Si kwa kuongezewa mihuri, la hasha! Waligunduliwa kwa vyeti vyao kulinganishwa na kumbukumbu za waliodaiwa kuvitoa. Dawa basi i katika daftari, haimo katika wino wa muhuri.

Kwa hivyo, ya kwanza ni kuzisafisha na kuzihifadhi vyema kumbukumbu za vizazi, ndoa na mitihani, ili afisa yeyote aweze kukihakiki cheti kwa nambari yake papo hapo. Ya pili ni Kenya kuingia katika mkataba wa The Hague. Ya tatu ni huduma ya uthibitisho kupelekwa katika vituo vya Huduma vya kaunti, badala ya wananchi kuhujiwa Nairobi kama Maka. Sidai kuwa taabu zote zitakwisha, maana Qatar na Milki za Kiarabu, wanakofanya kazi Wakenya wengi, ziko nje ya mkataba huo, na kwa waendao huko mlolongo wa zamani utabaki. Lakini kuwapunguzia wengi mzigo ni bora kuliko kuwatwika wote.

Cheti cha serikali ni neno la serikali. Serikali isiyoweza kulisimamia neno lake hadi limshuhudie raia mara nne, imekiri yenyewe kwamba hailiamini. Wabunge wetu na walitafakari hilo, kwa maana mwenye njaa hana miiko, na kijana aliyezungushwa afisi baada ya afisi hatakosa kushawishika aifuate njia ya mkato.