Hoteli Kubwa Ikija Kijijini: Mkazi Aseme Lini, na Aseme Wapi

Mwezi wa Agosti 2025, kambi ya kifahari ya Ritz-Carlton ilifunguliwa katika hifadhi ya Maasai Mara, Kaunti ya Narok, kando ya Mto Sand. Ina mahema 20, kila moja na kidimbwi chake cha kuogelea, na bei ya usiku mmoja ilitangazwa kuanzia dola 3,500 za Marekani. Mwezi huohuo Meitamei Olol Dapash, mhifadhi wa jamii ya Wamaasai, aliwasilisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Narok akipinga kambi hiyo. Alidai kwamba imejengwa kwenye njia wanayopitia nyumbu wakihama kati ya Mara na Serengeti, na kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Miongoni mwa walioshtakiwa ni kampuni ya Marriott, Serikali ya Kaunti ya Narok na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilikanusha madai hayo, likisema kambi haizibi njia za wanyama.

Mengi yalisemwa kuhusu nyumbu. Nani alikuwa na haki ni suala la wanasheria, lakini mkazi wa Kakamega ana jambo lake la kuangalia katika kisa hicho, nalo ni tarehe. Malalamiko yalifika mahakamani mahema yakiwa tayari yamesimama na wageni wanasubiriwa. Kusimamisha jengo lililokwisha ni kazi ngumu kuliko kusimamisha ramani iliyo mezani.

Kakamega haina nyumbu, ila ina msitu. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mwisho nchini Kenya ya ule msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Upande wa Buyangu umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1985 na sasa uko chini ya KWS, na upande wa Isecheno unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Watalii huja kuona ndege, vipepeo na nyani, na kaunti ingependa waje wengi zaidi, wakae siku nyingi zaidi. Mahali pa kuwalaza patahitajika. Lakini ukitoka tu kwenye mti wa mwisho unaingia shamba la mtu: mahindi, migomba, ng'ombe wawili na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Huko ndiko hoteli inakoweza kutafuta nafasi, na huko ndiko watu wanakopitia wakienda kutafuta kuni, dawa za miti na mukombero.

Ardhi kwanza

Mwekezaji binafsi hawezi kumlazimisha mtu kuuza shamba. Kutwaa ardhi kwa lazima ni mamlaka ya serikali, kwa manufaa ya umma, na fidia hulipwa. Anayetaka kujenga hoteli yake hana budi kukubaliana bei na mwenye shamba. Shamba la kilimo likiuzwa, ni lazima idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mke au mume naye ana sauti ikiwa hapo ndipo nyumbani kwao. Raia wa kigeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja; Katiba inampa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Hapa pana tatizo ambalo halihusiani na mwekezaji yeyote. Mashamba mengi bado yameandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Mjukuu mmoja anaweza kupokea malipo ya awali kwa siri, na familia ikagundua trekta ikishafika. Urithi usipokamilishwa kortini, hakuna mwenye uwezo wa kuuza kisheria, na pia ni vigumu kwa yeyote kuzuia kwa haraka. Familia zinazopakana na msitu zingefanya vyema kulimaliza jambo hilo sasa, kabla fedha hazijawagawanya.

Mikutano na ripoti

Mradi mkubwa haujengwi bila leseni ya NEMA, na leseni hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi unaofanyiwa uchunguzi kamili abandike matangazo mahali watu wanapopita, atangaze kwenye gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo na kwenye redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji, kisha aitishe angalau mikutano mitatu ya umma. Ripoti ikifika NEMA, ilani hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ikionyesha mahali pa kuisoma na siku ya mwisho ya kutoa maoni.

Mkazi akisema tu "hatutaki", hoja hiyo haina uzito mkubwa. Inayojibiwa ni hoja mahususi: maji taka yataelekezwa wapi ikiwa watu wa chini wanateka maji Mto Isiukhu, njia ya kwenda kwenye malisho itafungwa au la, kisima cha hoteli kitakausha chemchemi ya nani. Maoni yaandikwe, yapelekwe ofisi ya NEMA, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria mkutano hakumaanishi kukubali mradi, ingawa wengine huogopa orodha hiyo hadi wakakaa nyumbani siku ya mkutano, na hivyo maoni yao yakakosekana kabisa. Wanaoutaka mradi kwa sababu ya ajira nao wana haki ileile ya kuandika. Wakazi wa Ikolomani, waliojadili sana habari ya dhahabu, wanafahamu jinsi kijiji kimoja kinavyoweza kuwa na maoni mawili.

Siku 60, na siku 14

Leseni ikishatolewa, asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Watu wa Lamu walizitumia. NEMA ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power mnamo Septemba 2016 ili ijenge mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Kundi la Save Lamu na wakazi wenzao wakakata rufaa kabla hata jiwe la msingi halijawekwa. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo lilifuta leseni hiyo. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika, hivyo wananchi hawakupata nafasi ya kuyajadili matokeo yenyewe.

Kaunti nayo ina sehemu yake, na haifai kuifichaficha. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ruhusa ya ujenzi na ya kubadilisha shamba kuwa ardhi ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Jirani asiyeridhika na uamuzi huo anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, lakini ndani ya siku 14 tu. Ni muda mfupi, na mtu anayesubiri habari imfikie sokoni kwa kawaida hupitwa nao.

Mtu akichelewa kote huko, Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba ameshapata hasara. Mlango huo uko wazi hata baada ya hoteli kuanza kupokea wageni.

Kwa anayetaka kujua kama kuna ombi lolote kuhusu shamba la jirani yake, pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi, ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti mjini Kakamega na ofisi ya NEMA. Aende na nambari ya shamba. Bila hiyo hata karani mwenye nia njema atashindwa kumsaidia.