Mkono Ulikandamiza Wapi?

Msomaji mmoja anauliza: inakuwaje mchoro wa penseli, usio na rangi hata moja, umfanye ajione kama ameingia sebuleni mwa watu bila kupiga hodi? Alikuwa ametazama nakala ya mchoro wa familia ya Stamaty, alioufanya Jean-Auguste-Dominique Ingres mjini Roma mwaka 1818. Mchoro wenyewe uko Louvre, Paris.

Historia ya penseli nairuka. Itoshe kwamba mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipewa hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo kisha kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu. Utamu uko kwenye grafiti, ambayo wachimbaji wa Mahenge, Tanzania, huiita kinywe. Nami naiita hivyo hivyo. Jina lile jingine linanikwaruza ulimi.

Kinywe ni kaboni iliyojipanga matabaka. Chukua rundo la kanga mpya dukani, zile ambazo bado zina wanga. Kuipasua moja kwa kuivuta ncha zote mbili ni kazi. Lakini lisukume rundo kwa kiganja uone: za juu zinateleza zote hadi sakafuni. Ndani ya tabaka moja atomi zimeng'ang'aniana kwelikweli. Kati ya tabaka na tabaka, umbali wa nanomita 0.335, zinashikana kwa mvutano hafifu tu. Sasa liburute rundo hilo juu ya mkeka mkuukuu uliotoka miba. Ukilipitisha kwa wepesi, miba mirefu peke yake ndiyo itakayonasa kanga mbili tatu za chini, na mabonde ya mkeka yatabaki matupu. Ukilemea, rundo linazama na mabonde nayo yanapata kanga zake. Karatasi ndiyo mkeka huo, imeshonana kwa nyuzi za selulosi. Kijivu tunachokiona ni vipande vilivyonaswa, na wingi wake unategemea mkono ulilemea kiasi gani.

Urudie mchoro ukijua hivyo. Nyusoni Ingres amejenga kivuli kidogo kidogo, mstari juu ya mstari, hata shavu likapata unene. Kwenye nguo mkono umepita tu, haraka, kama mtu anayesaini. Binti yuko kwenye piano, vidole juu ya vibonye, uso umetugeukia. Nani kamkatiza? Hadithi inaanzia hapo, na kila mtazamaji anaimalizia kivyake. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alifuatilia macho ya watu mbele ya picha ya mchoraji Ilya Repin, akaona kwamba ukimbadilishia mtazamaji swali, macho yake yanabadili njia.

Mwaka 2007 mwanahistoria wa sanaa David Freedberg na mtafiti wa ubongo Vittorio Gallese walikwenda mbali zaidi: walisema tukiona alama ya mkono wa msanii, ubongo wetu huigiza ule mwendo ulioiacha. Wapo wanaobisha. Mimi naona wamegusa penyewe.

Kwa jaribio la nyumbani, chukua daftari la mtoto ulitazame kwa mshazari karibu na dirisha. Palipokandamizwa sana panameta, kwa sababu vipande vya kinywe vimelazwa bapa na vinarudisha mwanga kama vioo. Pale mtoto alipokuwa na hasira na hesabu zake utapajua mara moja.