Mithuni, staringi wa mabanda yetu

Muulize mzee yeyote wa Mwanjelwa kule Mbeya au wa Mlandege pale Iringa, aliyekuwa kijana enzi za mikanda ya video, ni nani mwigizaji bora wa India. Usitegemee akutajie Amitabh Bachchan. Atakwambia Mithuni, kisha kama goti linamruhusu atakuonyesha na staili yake ya kucheza.

Jina kamili ni Mithun Chakraborty, Mbengali wa Kolkata aliyezaliwa Gourang Chakraborty. Ujanani alijiingiza kwenye kundi la Wanaksali, wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto, akaachana nalo baada ya ndugu yake kufariki kwa ajali. Akaenda kusoma uigizaji kwenye chuo cha filamu cha Pune. Mjini Mumbai alihangaika. Amesimulia mwenyewe kwamba watu walimwambia mtu mweusi kama yeye hana nafasi kwenye filamu, naye akaamua kucheza muziki kiasi kwamba watu waangalie miguu wasahau rangi.

Filamu yake ya kwanza kubwa haikuwa na disko hata kidogo. Ni Mrigayaa ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Mrinal Sen. Humo ni mwindaji wa kabila la Wasantali, zama za Mwingereza. Msaliti mmoja anamuua kijana mwasi, serikali inampa zawadi. Baadaye mwindaji wetu anamuua mkopeshaji fedha aliyemteka mkewe, naye anakwenda kudai zawadi kwa kumwondoa mnyama mbaya kuliko wote. Wanamnyonga. Mimi niliiona nikiwa mtu mzima, na nikiwa mtu wa Iringa nilikaa kimya muda mrefu, maana kichwa cha Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe, nacho Mjerumani alikitangazia zawadi ya rupia 5,000, na fuvu lake halikurudi mpaka mwaka 1954. Filamu hiyo ilimpa Mithun tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, kwa kazi ya kwanza tu.

Sisi watoto wa Mafinga hayo hatukuyajua. Tulimjua kama Jimmy wa Disco Dancer, filamu ya mwaka 1982. Mkanda ulikuja na basi kutoka Dar es Salaam, ukachezwa Iringa mjini mpaka ukachakaa, ndipo ukatufikia sisi, halafu Makambako, halafu Mbeya. Banda lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, jenereta linanguruma nje. Mwezi wa saba tuliingia na masweta mawili mawili.

Pembeni ya televisheni alisimama mtafsiri na kipaza sauti chake. Dar walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa ikasambaa nchi nzima. Wetu mchana alikuwa fundi baiskeli, na Kihindi hakujua hata neno moja. Jimmy akipanda jukwaani, fundi alimsemea kwa salamu ya kwetu: "Kamwene!" Banda zima likaitikia: "Kamwene!" Hapo kiingilio kilikuwa kimesharudi.

Lakini alijua mahali pa kunyamaza. Majambazi wameunganisha gitaa la Jimmy na umeme. Mama anagundua, anakimbia jukwaani, analishika yeye kabla mwanawe hajaligusa. Anakufa mbele ya watu. Kuanzia hapo Jimmy akiliona gitaa tu mwili unatetemeka. Yule fundi alishusha kipaza sauti, akaacha mama na mwana wasemezane kwa Kihindi chao, na hakuna aliyedai tafsiri. Mama huyo mwanzoni mwa filamu alikuwa amesingiziwa wizi na tajiri, akafungwa. Kwenye banda lile sidhani kama alikuwapo mtu asiyemjua tajiri wa namna hiyo.

Mithun alifanya kazi bila kupumzika. Mwaka 1989 pekee zilitoka filamu zake zipatazo 19. Mwaka 1990 alicheza muuza nazi katika Agneepath, akapata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake tamu kuliko zote za Mumbai.

Kisha akahama. Alikwenda Ooty, mji wa baridi kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, akajenga hoteli. Maprodyuza wenye fedha kidogo walimfuata hukohuko: kikosi kizima kinalala hotelini kwake, picha inapigwa haraka, inauzwa kwa kumbi za miji midogo. Nyingi zilikuwa mbovu, tuseme ukweli. Gunda ya mwaka 1998 mpaka leo watu wanaitazama ili wacheke.

Sisi tulizipenda, na nadhani najua sababu mojawapo. Mashamba ya chai, ukungu, milingoti mirefu kando ya barabara: mtu wa Mufindi au wa Tukuyu aliona kwao. Staringi anamfukuza jambazi katikati ya michai, jirani yangu kwenye benchi anabisha kuwa pale ni njia ya kwa mjomba wake.

Televisheni ilimrudisha mbele ya watu. Tangu mwaka 2009 alikuwa jaji mkuu wa shindano la Dance India Dance, akiwapima vijana ambao wazazi wao walijifunza kucheza kwa kumwiga yeye. Kwenye siasa alipita pia, kwanza akiwa mbunge wa chama cha Trinamool, baadaye akahamia BJP, huko simfuati.

Mwaka 2024 alipewa nishani ya Padma Bhushan, na mwezi Oktoba akakabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote za filamu nchini India. Wakosoaji waliozicheka filamu za Ooty hawakukosea kuhusu filamu zenyewe. Kuhusu mwigizaji walikosea, na fundi baiskeli wa Mafinga angewaambia mapema.